Deni la chuo cha meno Marekani: kusamehewa ni kitu kimoja, kulipiwa ni kingine

Daktari wa meno aliyehitimu Marekani akiwa na deni la dola 300,000 kwa riba ya asilimia 7 huongezewa dola 57 kila siku iendayo kwa Mungu. Jumapili, sikukuu, siku anayougua, siku anayomzika ndugu yake: dola 57. Kwa mwaka ni dola 21,000. Kiasi hicho cha 300,000 sikukitafuta ili nitishe watu. Wastani wa deni la wahitimu wa meno waliokopa umekuwa ukizungukia hapo kwa miaka kadhaa. Riba ya kweli imekuwa kali kuliko ya mfano wangu. Mikopo ya serikali kuu kwa wanafunzi wa shahada za juu iliyotolewa mwaka wa masomo 2024/25 ilikuwa na riba ya asilimia 8.08, na ile ya nyongeza iitwayo Grad PLUS asilimia 9.08.

Naandika kwa sababu jambo hili limeshaingia majumbani mwetu. Familia zilizopita kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma zikahamishiwa Ohio, Texas, Kentucky au Maine sasa zina vijana vyuoni, na baadhi yao wanautazama udaktari wa meno. Wapo pia madaktari waliosomea Muhimbili au Nairobi ambao, ili wapate leseni kule, hulazimika kurudi darasani miaka miwili au mitatu na kulipa ada kama mwanafunzi mwingine yeyote. Wote huambiwa neno moja: usiogope, ukifanya kazi ya serikali deni linafutwa. Neno hilo lina ukweli ndani yake, ila limefunga pamoja mambo mawili ambayo sheria imeyatenganisha kabisa, na kuyachanganya kumewagharimu watu miaka ya maisha yao.

Kuna kusamehewa, na kuna kulipiwa. Anayesamehewa hutumikia kwanza, miaka kumi, kisha salio linafutwa. Katikati ya njia hapewi kitu, na hakuna mkataba unaomfunga. Akitaka kuondoka mwaka wa nne anaondoka, deni lake mkononi. Anayelipiwa husaini mkataba wa miaka michache, akapokea fedha za kupunguzia deni, na tangu siku hiyo amefungwa. Wa kwanza anabeba hatari ya kungoja. Wa pili anabeba hatari ya kuvunja ahadi.

Kusamehewa

Mpango mkuu wa msamaha unajulikana kwa kifupi PSLF. Ulianzishwa na sheria iliyosainiwa na Rais George W. Bush mwezi Septemba 2007. Masharti yake yanatamkika kwa pumzi moja: fanya kazi ya muda wote kwa mwajiri wa umma au shirika lisilo la faida, lipa marejesho 120 ya kila mwezi, na kitakachobaki kinafutwa chote, bila kutozwa kodi ya mapato ya serikali kuu. Miezi 120 ni miaka kumi. Si lazima ifuatane; mtu anaweza kutumikia miaka sita, akatoka, akarudi kumalizia minne.

Ugumu uko kwenye vipengele vinne ambavyo kila mwezi lazima vitimie kwa pamoja. Kikikosekana kimoja, mwezi huo haupo, hata kama ulilipa hadi senti ya mwisho.

Cha kwanza ni mkopo wenyewe. Unaokubalika ni mkopo uliotolewa na serikali kuu moja kwa moja, aina ya Direct Loan. Mikopo ya kizamani ya serikali kama FFEL na Perkins hubidi kwanza iunganishwe iwe Direct. Mkopo wa benki haukubaliki kamwe. Hapa ndipo wahitimu wengi huteleza mapema, kwa sababu benki zinawapenda madaktari wa meno. Huwafuata mara tu wanapomaliza na kuwaahidi riba nafuu endapo watahamishia deni kwao. Kwa anayekwenda kufungua kliniki yake binafsi, ofa hiyo inaweza kuwa nzuri kweli. Kwa anayetaka msamaha, sahihi hiyo ni kaburi: deni limetoka mikononi mwa serikali na halina njia ya kurudi.

Cha pili ni mpango wa malipo. Aliyesoma kwa mkopo wa HESLB Tanzania anajua kukatwa asilimia 15 ya mshahara bila kujali deni ni kubwa kiasi gani. Marekani wana mipango inayofanana na hiyo kwa mbali, ambayo rejesho hupimwa kwa kipato cha mkopaji. Ukiwa kwenye mpango wa kawaida wa miaka kumi, marejesho yako yatahesabiwa, lakini yakifika 120 deni litakuwa limekwisha lenyewe na hakuna cha kusamehewa. Kwa hiyo msamaha una maana tu kwa anayelipa kwa kipato.

Cha tatu ni mwajiri, na hapa daktari wa meno hana bahati ya daktari wa kawaida. Hospitali nyingi za Marekani ni mashirika yasiyo ya faida, kwa hiyo daktari wa upasuaji au wa watoto anaweza kujikuta anatimiza sharti hili bila hata kulitafuta. Udaktari wa meno umekaa nje ya hospitali. Kazi nyingi ziko kwenye kliniki za binafsi, au kwenye kampuni zinazoendesha kliniki mamia. Daktari anaweza kukesha akiwatibu watoto wa familia maskini zenye bima ya Medicaid, na ikiwa mwenye kliniki ni mfanyabiashara, hapati hata mwezi mmoja. Sheria haimwangalii mgonjwa aliyekaa kwenye kiti. Inaangalia jina la anayelipa mshahara. Hata gerezani: daktari aliyeajiriwa na jimbo anahesabiwa, na mwenzake anayefanya kazi ileile, kwenye chumba kilekile, akiwa ameajiriwa na kampuni iliyopewa tenda, hahesabiwi.

Waajiri wanaokubalika kwa daktari wa meno ni idara za afya za kaunti na majimbo, jeshi, hospitali za maveterani, huduma za afya za wenyeji wa asili wa Marekani, vyuo vikuu vya umma na vile vya binafsi visivyo vya faida, na zaidi ya vyote vituo vya afya vya jamii. Vituo hivi vilianza mwaka 1965, cha kwanza kikifunguliwa Columbia Point, Boston, na leo viko nchi nzima. Hutoza kulingana na uwezo wa mgonjwa. Mhamiaji mpya asiye na bima, jino likimuuma usiku kucha, asubuhi yake mara nyingi huanzia hapo.

Cha nne ni saa: wastani wa 30 kwa wiki, na unaruhusiwa kujumlisha saa za waajiri wawili ikiwa wote wanakubalika. Walio kwenye mafunzo ya ziada baada ya shahada wasikilize vizuri hapa. Ukiwa kwenye programu ya hospitali inayokulipa mshahara, miezi hiyo ni ya thamani, kwa sababu kipato ni kidogo, rejesho ni dogo, na bado linahesabiwa sawa na la mwaka wa kumi. Lakini programu nyingine za ubingwa wa meno humtoza daktari ada badala ya kumlipa. Huyo ni mwanafunzi, hana mwajiri, hana mwezi.

Watu wa mwanzo waliomba msamaha mwishoni mwa 2017, miaka kumi baada ya sheria. Katika miaka ile ya kwanza karibu asilimia 99 ya maombi yalikataliwa. Walimu, wauguzi, askari, watu waliotumikia miaka kumi kamili, waliambiwa mkopo wao haukuwa wa aina inayotakiwa, au mpango wao wa malipo haukuwa sahihi, na kampuni zilizosimamia mikopo yao zilikuwa zimekaa kimya muda wote huo. Hadi mwaka 2021 waliokuwa wamesamehewa hawakuzidi takriban 7,000. Kisha serikali ikalegeza masharti kwa mwaka mmoja, kuanzia Oktoba 2021 hadi 31 Oktoba 2022, ikahesabu miezi iliyokuwa imetupwa, na mengine yakarekebishwa baadaye. Kufikia Oktoba 2024 waliosamehewa walipita milioni moja. Nasimulia historia hii kwa sababu bado kuna wazazi wanaosema PSLF ni ulaghai, na vijana wanaoamini inajiendesha yenyewe. Wote wawili wana mfano wa kuutaja.

Kinga ipo, nayo ni ya makaratasi. Kila mwaka, na kila unapobadilisha kazi, jaza fomu ya uthibitisho wa mwajiri kupitia tovuti ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, mwajiri aisaini, kisha utazame idadi ya miezi uliyohesabiwa. Ukigundua kosa baada ya mwaka mmoja, umepoteza mwaka mmoja. Ukiligundua mwaka wa kumi, unajua lililowapata wale wa 2017. Na kabla ya kupokea kazi yoyote, mwombe mwajiri namba yake ya kodi uitafute kwenye orodha ya waajiri wanaokubalika. Jina la kituo linaweza kudanganya, namba haidanganyi.

Methali inayopotosha

Tumelelewa na methali kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ndani ya PSLF methali hiyo inaweza kukuibia makumi ya maelfu ya dola, na hesabu yake iko wazi.

Tuchukue daktari wa mfano, Neema, asiye na mume wala watoto, anayelipwa dola 150,000 kwa mwaka kwenye kituo cha afya cha jamii, na deni lake ni dola 300,000 kwa asilimia 7. Kwenye mpango wa kawaida wa miaka kumi angelipa karibu dola 3,483 kila mwezi, na mwisho wa safari angekuwa ametoa takriban dola 418,000. Akiingia kwenye IBR, mmoja wa mipango ya kulipa kwa kipato, kwa kiwango cha asilimia 10, serikali inachukua kipato chake, inatoa asilimia 150 ya kiwango cha umaskini (mwaka 2025 kiwango cha mtu mmoja kilikuwa dola 15,650), kisha inataka asilimia 10 ya kinachobaki. Inakuja karibu dola 1,054 kwa mwezi. Kwa miaka kumi, mshahara ukibaki palepale, ni kama dola 126,500.

Riba yake ya mwaka ni 21,000 na yeye analipa 12,650 tu. Maana yake deni linakua. Baada ya miaka kumi limefika karibu 383,000, na lote hilo linafutwa.

Mtu aliyelelewa vizuri hulala vibaya akiona deni linapanda kila mwezi. Atajibana, atapeleka dola 500 za ziada, mjomba atamtumia kidogo, na kila dola kati ya hizo itapunguza kile ambacho serikali ingefuta hata hivyo. Rejesho lake la mwezi halishuki, maana linapimwa kwa kipato wala si kwa deni. Siku ya kumaliza haisogei, maana inapimwa kwa idadi ya miezi. Aliyeamua kwenda njia hii ya msamaha alipe kile anachodaiwa kwa mwezi, bila kuzidisha, na kama ana ziada aiweke akiba. Akiba hiyo ndiyo itakayomwokoa endapo mambo yataharibika njiani. (Walio kwenye ndoa wana hesabu nyingine ya kufanya: kutuma taarifa za kodi kila mtu peke yake huweza kuondoa kipato cha mwenzi kwenye rejesho, lakini huongeza kodi. Ni ya kukaa na mtaalamu wa kodi, si ya kukisia.)

Kulipiwa

Mapema mwaka uleule wa 2007, mtoto wa miaka 12 alifariki Maryland, maili chache kutoka Washington, baada ya usaha wa jino lililooza kufika kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji mara mbili na kulazwa wiki kadhaa. Kung'oa jino lile kungegharimu kama dola 80. Familia ilikuwa imehangaika kupata daktari wa meno anayepokea Medicaid. Habari hiyo ilitikisa nchi, na inaeleza vizuri kuliko sheria yoyote kwa nini serikali iko tayari kununua miaka ya madaktari: si kwa huruma kwa mwenye deni, ni kwa sababu kuna viti vya matibabu visivyo na mtu wa kuvisimamia.

Chombo kikuu cha ununuzi huo ni Kikosi cha Taifa cha Huduma za Afya, NHSC, kilichoanzia kwenye sheria ya mwaka 1970 na kinachosimamiwa na wakala wa serikali uitwao HRSA. Humpa daktari wa meno wa kawaida au wa watoto hadi dola 50,000 kwa miaka miwili ya kazi ya muda wote, au hadi 25,000 kwa nusu ya muda, kwenye eneo lililotangazwa kuwa na upungufu wa huduma ya meno. Kipimo cha msingi cha upungufu ni daktari mmoja kwa watu 5,000 au zaidi. Kila eneo hupewa alama, kwa upande wa meno kutoka 0 hadi 26, na fedha zinapogawiwa maeneo yenye alama za juu hutangulia. Wengi hudhani lazima uende kijijini. Si lazima. Vituo vya afya vya jamii hupewa hadhi hiyo vyenyewe, hata vikiwa katikati ya jiji. Lakini alama ya kituo kimoja inaweza kukuvusha na ya jirani yake ikakuacha nje, kwa hiyo iulize kabla hujakubali kazi.

Fedha za NHSC hazikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu, na hutolewa kwa mkupuo mwanzoni mwa mkataba. Hilo la mkupuo ni jambo kubwa. Dola 50,000 zikiingia siku ya kwanza, deni la Neema linakuwa 250,000 na riba inashuka hadi 17,500 kwa mwaka. Hata hivyo asipoongeza kitu chochote, baada ya miaka miwili atakuwa anadaiwa 285,000. Miaka miwili ya mkataba imemshusha dola 15,000 tu. Kwa mwenye deni la dola 80,000, NHSC inaweza kumaliza karibu kila kitu, hasa akiongezewa mkataba mwaka hadi mwaka, jambo ambalo linaruhusiwa. Kwa mwenye 300,000 ni msaada mzuri usiotosha peke yake.

Je, Neema anaweza kuwa na vyote viwili, NHSC na PSLF? Anaweza. Kituo chake ni cha jamii, miezi yake inahesabiwa kwenye msamaha wakati mkataba wa NHSC unaendelea. Ila arudie ile hesabu ya mjomba na dola 500. Zile 50,000 zitapunguza deni ambalo lingefutwa mwaka wa kumi, bila kumpunguzia rejesho la mwezi. Faida iliyobaki ni ya bima: sheria ikibadilika, au akichoka mwaka wa tano, atakuwa na deni dogo zaidi. Binafsi naiona bima hiyo kuwa ya thamani, kwa kuwa miaka kumi ni mirefu na hakuna ajuaye maisha yatampeleka wapi. Lakini ajue anasaini nini.

Anasaini hiki. Akiondoka kabla ya muda bila ruhusa, anarudisha fedha za kipindi ambacho hakutumikia, anaongeza dola 7,500 kwa kila mwezi uliobaki, na riba juu yake. Daktari aliyepokea 50,000 na kuondoka baada ya miezi 10 amebakiza 14. Anarudisha karibu 29,000, anaongeza 105,000. Amechukua hamsini, anadaiwa mia na thelathini na nne, na riba inatembea. Kuna ruhusa za kusimamisha utumishi kwa ugonjwa au uzazi, na kuna utaratibu wa kuhamia kituo kingine endapo cha kwanza kimefungwa. Hiyo yote huombwa kabla ya kuondoka. Likizo nayo ina mpaka, kiasi cha wiki saba kwa mwaka ukijumlisha ugonjwa, safari na mafunzo. Anayetarajia kwenda nyumbani kwa matanga ya siku arobaini aiweke akilini.

Mingine ya kulipiwa nitaipitia haraka. Huduma za afya za wenyeji wa asili wa Marekani, IHS, hulipa hadi dola 50,000 kwa miaka miwili ya mwanzo na kuendelea kila mwaka. Vituo vyake vingi viko mbali sana, na mwenye moyo wa kukaa huko hupata kazi pana ambayo mjini asingeigusa. Idara ya maveterani ina mpango wa hadi dola 200,000 kwa miaka mitano, ila wewe unalipa kwanza kisha unarudishiwa. Jeshi la nchi kavu limekuwa likilipa hadi 120,000 kwa miaka mitatu, lakini hizo hukatwa kodi, na jeshi ni jeshi: utapelekwa utakakopelekwa. Walimu wa vyuo vya meno waliotoka familia duni wana mpango wao wa hadi 40,000 kwa miaka miwili.

Wa California unastahili kutuama kidogo. Mwaka 2016 wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha kodi mpya ya tumbaku, Proposition 56, na sehemu ya fedha hizo ikaunda CalHealthCares. Daktari wa meno amekuwa akipewa hadi dola 300,000 kwa miaka mitano, kwa sharti kwamba angalau asilimia 30 ya wagonjwa wake wawe wa Medi-Cal, bima ya maskini ya jimbo hilo. Ona tofauti yake na PSLF. Huku mwajiri anaweza kuwa wa binafsi. Wanaoangaliwa ni wagonjwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sheria iliyoelewa kazi ya meno inavyofanyika, na inasikitisha kwamba majimbo yenye ukarimu wa kiwango hicho ni machache. Mengi yana mipango midogo, baadhi ikichangiwa na serikali kuu, na ofisi ya afya ya jimbo lako ndiyo ya kuuliza.

Uraia, na tarehe moja

NHSC inataka raia wa Marekani. Kadi ya ukazi wa kudumu, ile watu huiita grin kadi, haitoshi. PSLF haina sharti hilo: mwenye mkopo wa serikali unaokubalika na mwajiri anayekubalika anahesabiwa, na mkazi wa kudumu anaruhusiwa kukopa serikalini. Daktari aliyefika juzi kutoka Dar es Salaam na kadi yake anaweza kuanza kuhesabu miezi ya PSLF mwaka wake wa kwanza kazini, huku akingoja miaka mitano ya kuomba uraia ndipo mlango wa NHSC ufunguke. NHSC imekuwa pia ikitoa nyongeza ya hadi dola 5,000 kwa anayethibitisha kuzungumza Kihispania na wagonjwa. Kiswahili hakimo. Kwa vituo ambavyo vyumba vyao vya kusubiri vimejaa Wakongo, naona ni jambo la kudaiwa wazi, na wenye vituo hivyo wangeweza kulidai.

Sasa tarehe. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imegeuza hesabu hii kuanzia 1 Julai 2026. Grad PLUS, iliyokuwa ikifunika gharama yote ya chuo, inafungwa kwa wakopaji wapya. Mwanafunzi wa meno atakopeshwa na serikali hadi dola 50,000 kwa mwaka, na jumla isiyozidi 200,000. Waliokwisha kukopa kwa programu yao kabla ya tarehe hiyo wamepewa kipindi cha kumalizia kwa utaratibu wa zamani. Mpango mpya wa malipo unaitwa RAP. Mwenye kipato cha zaidi ya 100,000 hulipa asilimia 10 ya kipato chote, riba isiyolipika inafutwa badala ya kurundikana, na miezi yake inahesabiwa kwenye PSLF. Kwa Neema ungekuwa dola 1,250 kwa mwezi. SAVE, mpango mwingine wa kulipa kwa kipato ambao wengi walikuwa wameukimbilia, umeondolewa. Waliokuwa ndani yake malipo yao yalisimamishwa tangu 2024 na miezi hiyo haikuhesabiwa. Mwenye mikopo ya zamani awe mwangalifu na jambo moja: kukopa tena au kuunganisha mikopo baada ya 1 Julai 2026 huweza kumfungia mipango ya zamani. Kuna pia kanuni iliyotolewa 2025, na kupangwa kuanza tarehe hiyohiyo, inayoipa wizara ya elimu mamlaka ya kuwaondoa kwenye PSLF waajiri itakaowaona wana malengo kinyume cha sheria. Fomu ya kila mwaka niliyoisema inapata uzito zaidi hapo.

Kikubwa ni ule ukomo wa 50,000. Kwenye vyuo kadhaa vya binafsi, gharama ya mwaka mmoja wa meno, ukijumlisha chumba na chakula, inapita dola 100,000. Nusu ya pili itatoka benki. Chukua mhitimu mwenye 200,000 za serikali na 200,000 za benki kwa asilimia 8 na miaka kumi. Benki peke yake itataka karibu 2,427 kila mwezi, haijali umeajiriwa na nani. Ongeza 1,250 za RAP: anatoa karibu 3,680 kwa mwezi akiwa kwenye mshahara wa kituo cha jamii, zaidi ya kile ambacho Neema angelipa bila msamaha wowote. PSLF itafuta sehemu ya serikali tu. Upande wa benki haiugusi.

NHSC huugusa. Mikopo ya benki iliyochukuliwa kwa masomo hukubaliwa kwenye mkataba wake. Kwa hiyo mipango ya kulipiwa, ambayo kwa Neema ilikuwa bima tu, kwa kijana anayeanza baada ya tarehe ile inakuwa ndiyo njia ya kushusha deni la benki, wakati PSLF inangoja mwisho kwa ajili ya lile la serikali. Zigawanye hivyo. Na chuo cha umma cha jimbo unaloishi, ambacho wengi hukidharau wakipata barua ya chuo chenye jina, kinaweza kukuweka ndani au karibu na zile 200,000 bila kugusa benki kabisa.

NHSC ina pia mlango wa wanafunzi wenyewe: hadi dola 120,000 kwa miaka mitatu ya utumishi, unaoombwa ukiwa mwaka wa mwisho wa chuo. Nao ni wa raia tu. Kijana aliyefika akiwa mkimbizi na hajakamilisha fomu ya uraia aihesabu miezi kurudi nyuma kutoka mwaka wake wa nne, na aijaze sasa.